WANGU, WAKO, WETU: SOMO LA VIVUMISHI VYA KUMILIKI KUTOKA NYUMBA YENYE MBWA WAWILI

  Mwaka huu mhariri amenipa nafasi niandike somo la sarufi, nami nimechagua vivumishi vya kumiliki. Najua wengine wenu tayari mnataka kufungua ukurasa wa vichekesho. Ngojeni kwanza! Sehemu ya matumizi ya lugha katika karatasi ya pili ya KCSE ina alama 40, na vimilikishi havikosi kujipenyeza humo kwa njia moja au nyingine. Isitoshe, nataka kuwaonyesha kwamba maneno haya madogo hayasemi tu kitu ni cha nani. Husema pia watu wanaishi vipi.

Mifano yangu mingi nimeitoa kwa kaka yangu na mkewe. Likizo ya Agosti nilikaa kwao Nakuru, katika ploti yenye nyumba sita za kupangisha. Kaka yangu ni fundi wa magari, naye shemeji yangu ni fundi wa cherehani sokoni. Walikuwa wameoana mwaka mmoja tu. Wana mbwa wawili. Simba ni mkubwa, mweusi, na kaka alikuwa naye tangu siku za ukapera. Popi ni mdogo, shemeji alipewa na rafiki yake angali kilebu, yaani mtoto wa mbwa. Mimi nilikaa pale nikisikiliza, maana mwenye masikio hakosi la kujifunza.

(a) MZIZI NA KIAMBISHI

Mizizi ya vimilikishi ni sita tu: -angu, -ako, -ake, -etu, -enu na -ao. Mitatu ya kwanza ni ya mmiliki mmoja, na mitatu ya mwisho ni ya wamiliki wengi. Mzizi huonyesha MMILIKI. Kiambishi cha mbele huonyesha KINACHOMILIKIWA, nacho hufuata ngeli. Tazama:

A-WA: mgeni wangu, wageni wangu
KI-VI: kiatu changu, viatu vyangu
LI-YA: duka langu, maduka yangu
U-I: mfuko wangu, mifuko yangu
I-ZI: kazi yangu, kazi zangu
U-ZI: ufunguo wangu, funguo zangu
PA-KU-MU: mezani pangu, nyumbani kwangu, moyoni mwangu

Sasa sikiliza maneno ya asubuhi moja pale ploti. Shemeji anatoka mbio kwenda sokoni, anainama kuvaa, anakuta kiatu kimoja kimetafunwa kisigino.

"Ona vile mbwa yako imefanya kiatu yangu!"

Kaka, akiwa na kikombe cha chai mkononi, anajibu, "Na yako? Jana si ilivuta sare ya mteja hadi kwa matope?"

Hivyo ndivyo watu wengi wa bara tunavyoongea nyumbani na kwenye matatu. Kila kitu tunakipa "yangu" na "yako", eti tutaelewana. Ni kweli tunaelewana. Lakini katika Kiswahili sanifu, shemeji angesema, "Ona vile mbwa wako alivyokifanya kiatu changu," naye kaka angesema, "Na wako? Jana si aliivuta sare ya mteja hadi matopeni?" Mbwa ni kiumbe chenye uhai, kwa hiyo huingia A-WA ingawa umbo lake halina m- wala wa-. Kiatu ni KI-VI. Sare ni I-ZI. Ukitumia "yangu" kwa vyote, umemweka mbwa, kiatu na sare katika gunia moja.

Jambo lingine la kuangalia ni wingi. "Mbwa wangu" ni mmoja au ni wengi? Neno lenyewe halibadiliki, na kimilikishi cha A-WA pia hakibadiliki. Kitakachokuokoa ni kitenzi: "Mbwa wangu amebweka" ni mmoja, "Mbwa wangu wamebweka" ni zaidi ya mmoja. Wako wazungumzaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, ambao katika wingi husema "mbwa zangu" na "ng'ombe zangu", wakatofautisha mapema. Usiwacheke wala usiwasahihishe. Ila wewe katika mtihani fuata upatanisho uliofundishwa darasani.

(b) NDUGU, RAFIKI NA JIRANI

Hapa ndipo wengi huteleza. Tumesema kwamba viumbe hai huchukua A-WA. Mbona basi hatusemi "rafiki wangu"? Majina ya watu walio na uhusiano nasi, ambayo kwa umbo hayaanzi na m- ya M-WA, huchukua kimilikishi cha y- katika umoja na z- katika wingi: baba yangu, mama yangu, dada yangu, kaka yangu, shemeji yangu, rafiki yangu, jirani yangu, hata adui yangu! Katika wingi: dada zangu, rafiki zangu, jirani zangu. Lakini angalia, kitenzi na sifa hubaki katika A-WA. "Rafiki yangu mrefu amefika." Usiandike "rafiki yangu ndefu imefika" hata kama rafiki mwenyewe ana urefu wa mlingoti.

Majina ya kazi hayamo katika kundi hili. Tunasema daktari wangu, fundi wangu, askari wetu. Kwa hiyo mteja wa shemeji anaweza kusema, "Fundi wangu ni rafiki yangu," na sentensi hiyo moja ikawa na vimilikishi viwili tofauti kwa mtu yule yule. Akiwa kazini ni "wangu". Akiwa rafiki ni "yangu". Ukiikumbuka sentensi hii hutababaika tena.

Pale Nakuru kila Jumapili alasiri marafiki walikuja. Mafundi wenzake kaka walileta nyama, nao wauzaji wa sokoni walileta ndizi na maneno. Mwanzoni nilimsikia shemeji akisema, "Leo rafiki zako wamemaliza unga wote." Kaka naye, "Rafiki zako wanaongea hadi nashindwa kusikia mpira." Sarufi yao hapo ilikuwa sawa kabisa. Lakini hesabu ndugu msomaji: mbwa wako, mbwa wangu, rafiki zako, rafiki zangu. Nyumba ni moja, na mizizi ya wamiliki wengi haitumiki hata mara moja! Mtu anaweza kupata alama zote katika upatanisho na bado nyumba yake ikawa na ukuta katikati.

(c) JIBWA LAKO NA KIJIBWA CHANGU

Kiswahili kinaturuhusu kukuza na kudunisha. Mbwa akikuzwa huwa jibwa, wingi majibwa. Akidunishwa huwa kijibwa, wingi vijibwa. Tukifanya hivyo, upatanisho huhama:

Kawaida: Mbwa wake amelala. Mbwa wao wamelala.
Ukubwa: Jibwa lake limelala. Majibwa yao yamelala.
Udogo: Kijibwa chake kimelala. Vijibwa vyao vimelala.

Walimu husisitiza umbo, na ni vizuri. Lakini sikio lako lisikie pia hisia. Ukubwa mara nyingi hubeba hasira au dharau, nao udogo huweza kubeba mapenzi au dharau, kulingana na sauti. Shemeji alikuwa hodari katika jambo hili bila kufungua kitabu. Simba akilala mlangoni, alisema, "Liondoe hili jibwa lako nipite!" Popi akilala pale pale, alisema, "Kijibwa changu kimechoka jamani, msikisumbue." Mbwa wote wawili walikuwa wamefanya kosa moja. Mmoja alipewa LI, mwingine akapewa KI, na kila mtu pale ploti alijua nani anapendwa.

(d) "MBWA HUYU NI WA NANI?"

Swali hili ni la kisarufi, lakini siku moja lilikuwa zito kuliko mtihani. Mtoto wa jirani, wa miaka kama saba hivi, alijaribu kuchukua mpira wake uliokuwa karibu na sahani ya Simba. Simba akamuuma mguuni. Kaka alikuwa gereji. Mama ya mtoto alitoka na mwiko mkononi, akapaza sauti, "Mbwa hii ni ya nani?"

Ploti nzima ilinyamaza. Kusema kweli, shemeji angeweza kujibu "Ni ya bwanangu", na hakuna ambaye angemlaumu, kwa maana kila siku alikuwa akisema hivyo. Badala yake alisema, "Ni wetu, mama Juma. Nilete maji."

Hakupoteza wakati. Alimchukua mtoto mpaka kwenye mfereji, akalisafisha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 nzima, mtoto akilia na sisi tukimbembeleza. Kisha wakaingia kwenye tuktuk hadi hospitalini, ambako mtoto alidungwa chanjo na kuandikiwa tarehe za kurudi. Nauli na gharama zote walilipa kaka na shemeji pamoja, kutoka kwa mfuko uliokuwa wa kununulia kabati. Simba alikuwa amechanjwa na kadi yake ilikuwapo, lakini alifungwa na kuangaliwa kwa siku 10 kama ilivyoagizwa. Hakuonyesha dalili yoyote, wala mtoto hakupatwa na lolote.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya sarufi, kwani uhai ni bora kuliko alama. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini mtu akioshwa jeraha vizuri na kupata chanjo mapema kabla ya dalili, huweza kuokolewa. Mwaka wa 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja kijana mmoja aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Hata leo, vifo vingi sana vya watu kutokana na ugonjwa huu hutokana na kuumwa na mbwa. Kwa hiyo usipake jeraha majani, tumbako wala pilipili. Osha kwa maji na sabuni, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Na kama una mbwa, mchanjeni. Hiyo ndiyo maana halisi ya "wangu": si kupigiwa mkia tu, ni kujibu anapoulizwa.

Turudi kwenye somo. "Wetu" wa shemeji ulikuwa na maana ipi? Katika Kiswahili mzizi -etu hauonyeshi kama anayeambiwa yumo au hayumo. "Mbwa wetu" aliloambiwa mama ya mtoto lilikuwa na maana ya "wangu na wa mume wangu, si wako". Jioni, alipomsimulia kaka, alisema tena "mbwa wetu", na sasa likawa na maana ya "wangu na wako". Neno ni lile lile, maana mbili. Kaka alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Asante kwa kusema wetu." Tangu siku ile sikusikia tena habari ya jibwa.

(e) UFUPISHO WA HESHIMA NA UKARIBU

Tumalize na maumbo mafupi. Vimilikishi vya wangu, wako na wake huunganishwa na baadhi ya majina ya jamaa:

mume wako: mumeo; mume wake: mumewe
mke wako: mkeo; mke wake: mkewe
mwana wangu: mwanangu, mwana wako: mwanao, mwana wake: mwanawe
ndugu yako: nduguyo, ndugu yake: nduguye
mwenzi wangu: mwenzangu

Jihadhari na mtego huu: "mwanao" ni mwana WAKO, bali "mwana wao" ni wa watu wengine. Nafasi moja tu kati ya maneno inaweza kuhamisha mtoto kutoka nyumba hadi nyumba! Tena utaona kwamba maumbo haya ni ya jamaa na watu wa karibu. Hatusemi "mbwao" wala "kiatucho". Lugha imewawekea watu wa karibu mlango wao.

ZOEZI

1. Sahihisha: Rafiki wangu amenunua mbwa yake.
2. Sahihisha: Jibwa yule wake amemuuma jirani wetu.
3. Andika kwa wingi: Kijibwa chako kimekula kiatu changu.
4. Andika kwa ukubwa: Mbwa wako amelala.
5. Fupisha: mume wako, mwana wake, ndugu yako.
6. Tunga sentensi moja kuonyesha tofauti kati ya "mwanao" na "mwana wao".

MAJIBU (Usichungulie kabla ya kujaribu!)

1. Rafiki yangu amenunua mbwa wake.
2. Jibwa lake lile limemuuma jirani yetu.
3. Vijibwa vyenu vimekula viatu vyetu.
4. Jibwa lako limelala.
5. Mumeo, mwanawe, nduguyo.
6. Mfano: Mwanao amecheza na mwana wao uwanjani.

Wanachama wenzangu, wino unanikaukia. Mkikutana na vimilikishi, ulizeni maswali mawili: Kinachomilikiwa ni cha ngeli gani? Mmiliki ni nani? La kwanza litawapa alama. La pili mtaulizwa maisha yenu yote, kwa hiyo anzeni kulijibu mapema. Kiswahili kitukuzwe!