Wahunzi wa Upare na Uchagani: Jembe Lilitoka Wapi?

Wengi wetu tukishika jembe tunadhani lilianza dukani. Siyo kweli. Kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, wazee wa mlimani walikwisha kulima, kupigana na kujipamba kwa chuma kilichofuliwa huku huku.

Chuma chenyewe kilitoka kwa jirani zetu wa Upare, hasa Ugweno. Huko ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Wazee wanasimulia kwamba Washana ndio waliotawala kwanza, mpaka Wasuya wakawapindua. Profesa Isaria Kimambo alikusanya masimulizi hayo, akayatoa katika kitabu mwaka 1969. Hebu fikiri: mwenye nyundo ndiye aliyekuwa mtawala!

Sasa tuone kazi yenyewe. Kwenye vijito kuna mchanga mweusi, mzito. Mchanga huo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, ile hewa tunayovuta. Waliuosha, wakauanika, wakautia katika tanuri pamoja na makaa, kisha wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Makaa yakiwaka sana hukinyang'anya chuma oksijeni yake. Tanuri hupita digrii 1,100. Lakini chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538! Kumbe kinachoyeyuka na kutiririka ni takataka, ndiyo mavi ya chuma. Chuma hubaki bonge lenye matundu matundu. Bonge hilo hupashwa moto tena na kupigwa nyundo, tena na tena, mpaka uchafu utoke. Si mchezo.

Ndiyo maana watu wa kale walitangulia kufua dhahabu, ambayo huokotwa ikiwa tayari dhahabu. Mfalme Tutankhamun wa Misri, aliyekufa miaka 3,300 hivi iliyopita, alizikwa na kinyago cha dhahabu cha kilo 10 hivi. Lakini jambia lake la chuma lilitokana na jiwe lililoanguka kutoka angani. Wataalamu walilipima wakathibitisha mwaka 2016. Chuma kilikuwa adimu hivyo. Tena tusijidharau: mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Turudi mlimani. Wahunzi wa Mamba walifua mikuki ambayo hata Wamasai waliitaka. Walitengeneza pia mikufu myembamba. Ufito wa chuma ulichongwa ncha, ukapitishwa katika tundu la chamburo, yaani bamba lenye matundu, ukavutwa kwa koleo. Kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, mpaka ukawa waya. Waya ulizungushwa kwenye kijiti, ukakatwa vipete, kila kipete kikaungwa na mwenzake. Misafara ya pwani nayo ilileta waya za shaba za kutengenezea vikuku.

Wahunzi waliheshimiwa, tena waliogopwa, maana laana yao ilitisha. Umasaini walidharauliwa kabisa, wala hawakuolewa wala kuoa nje ya kundi lao. Sisi tunaona hiyo ilikuwa dhuluma: unavaa kazi ya mtu, halafu unakataa kumwoza binti yako!

Mamba bado wapo wanaofua, ila siku hizi wanatumia chuma chakavu. Springi ya gari ikigeuzwa mkuki ni jambo jema. Shida ni mkufu wa bibi kupimwa kwa kilo pamoja na rimu mbovu. Kabla hujauza, muulize mzee nyumbani kitu hicho ni nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Na ukilima ukakuta mavi ya chuma, usiyatupe mtoni. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au afisa utamaduni, maana hapo pengine palikuwa na tanuri.

Swali la kuzungumza darasani: Katika kijiji chenu, ni nani bado anajua kuvuta waya, na je, yuko kijana anayejifunza kwake?