Mtoto Asinywe Soda

Jambo la kwanza

Usimpe mtoto soda.

Kwa nini tunaanza na soda

Mijini, mtoto mnene husifiwa kuwa ana afya, na mama wa mtoto mwembamba huulizwa kama anamlisha. Sifa hiyo inawaponza watoto. Mtoto mwenye unene uliopitiliza mara nyingi hukua nao, na hatari yake ya kupata kisukari na shinikizo la damu huongezeka. Mara nyingi tunalaumu wali na chapati, ilhali chupa ya soda imesimama pale pale mezani. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema hata mtu mzima ni bora asizidishe vijiko 6 hivi kwa siku nzima. Pima vijiko 9 vya sukari, vikoroge kwenye glasi ya maji, kisha ujiulize kama ungempa mwanao. Tena soda haishibishi: ataimaliza na sahani yake ataila vilevile.

Wapo wanaosema juisi ya boksi ni matunda. Nyingi zimetiwa sukari. Mpe chungwa alile. Wengine wanaona haya kumkatalia mgeni aliyekuja na soda. Ipokee, ushukuru, uiweke. Mtoto asinywe soda.

Kucheza

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 kila siku za kukimbia na kutoka jasho. Ni kweli viwanja vimejengwa nyumba, lakini rede, kombolela na kuruka kamba vinatosha uani. Zima televisheni, chukua simu yako mkononi mwake, mtoe nje. Ila usidhani michezo inafuta soda: ni rahisi zaidi kutoinywa kuliko kuiunguza kwa kukimbia uwanjani.

Angalia sana

Usimnyime chakula ili akonde, maana bado anakua. Usimpe dawa wala chai ya kupunguza uzito. Usimwite bonge, wala usiruhusu ndugu zake wamwite hivyo. Aibu humfungia ndani. Kadi ya kliniki huishia miaka 5, na baada ya hapo wengi hawapimwi tena: mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu.

Kwenye mkoba wa shule

Maji.

Kuanzia leo

Mzazi, soda usiinunue kabisa. Isipokuwepo nyumbani, mtoto hataililia.