Ufahamu: Mchoraji na Mhariri

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Wahitimu wengi wa sanaa hudhani kwamba kipaji pekee kitawafungulia mlango wa mchapishaji. Maisha ya Eric Carle yanafunza vingine. Carle alihitimu katika chuo cha sanaa mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa 1950. Miaka miwili baadaye aliwasili New York akiwa na dola 40 tu na jalada la michoro yake. Hakuanza na vitabu. Alisanifu michoro katika gazeti la *The New York Times*, kisha katika shirika la matangazo ya biashara.

Tangazo lake moja, lenye picha ya kambakoche mwekundu, lilimvutia mwandishi Bill Martin, akamwomba amchoree kitabu cha watoto. Kilitoka mwaka wa 1967. Baadaye, akitoboa karatasi, Carle alibuni hadithi ya mnyoo anayetoboa kurasa. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakuridhika na mnyoo, akapendekeza kiwavi. Mnyoo hubaki mnyoo, lakini kiwavi hugeuka kipepeo: hadithi ikapata mwisho wake. *The Very Hungry Caterpillar* ilichapishwa mwaka wa 1969 na imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 60.

Maswali

(a) Kazi ya matangazo ilimfaa Carle vipi? (alama 2)
(b) Eleza mchango wa mhariri katika hadithi hii. (alama 2)
(c) "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Thibitisha kwa kurejelea kifungu. (alama 3)
(d) Eleza maana ya "kitawafungulia mlango" kulingana na kifungu. (alama 1)