Ganzi ya Miguu kwa Mwenye Kisukari: Ni Mshipa Upi?



Swali ninaloulizwa sana na watu wetu hapa Uingereza, hasa wazee wenye kisukari, ni la ganzi ya miguu. "Mwanangu, mishipa imekaza." "Dada nesi, damu haitembei." Wengine husema nyayo zinawaka moto usiku, au ni kama siafu wanatembea chini ya ngozi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kiswahili chetu kinalibebesha neno mshipa mizigo mingi. Njia ya damu ni mshipa, ukano wa nyuma ya goti ni mshipa, na mzee akisema ana mshipa huenda anamaanisha kuvimba korodani. Mishipa ya fahamu, yaani neva, nayo imo humo humo. Mgonjwa akisema "mishipa", mkalimani anaweza kumwambia daktari ni mishipa ya damu, na mazungumzo yote yakaenda kombo. Hata nyumbani tunakosea tiba: tunadhani ni damu, basi tunachua na kupasha moto.

Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akiweka nyayo kwenye radieta kila jioni ili damu itembee. Siku moja akasinzia. Binti yake ndiye aliyeona lengelenge kisiginoni asubuhi. Mama mwenyewe hakusikia kitu. Kidonda kile kilichukua miezi saba kupona.

Kwa nini hakusikia? Seli nyingi za mwili ni vijidude vya mviringo au vya pembe, zimepangana kama matofali. Seli ya neva si hivyo. Ina kiini chake ndani ya mwili mdogo usioonekana vizuri bila hadubini, na kutoka hapo hutoa uzi mwembamba uitwao aksoni. Seli inayokuletea habari za kidole gumba cha mguu imekaa kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na uzi wake unashuka mpaka kidoleni. Kwa mtu mzima ni kama mita 1. Seli moja hiyo!

Sasa chakula na vipuri vya uzi huo vinatengenezwa kule kiunoni, kwenye kiini, kisha vinasafirishwa. Hata mizigo inayokwenda kwa kasi huchukua siku mbili au tatu kufika kidoleni, na mingine huenda milimita chache tu kwa siku. Uzi wenyewe hauko peke yake. Nyuzi nene zimeviringishiwa mafuta yaitwayo mayelini, mfano wa plastiki juu ya waya wa umeme, na mafuta hayo hutengenezwa na seli nyingine, seli za Schwann, zilizopangana moja baada ya moja njia nzima. (Vijidudu vya ukoma hupenda kukaa ndani ya seli hizi hizi. Mgonjwa wa ukoma hupoteza vidole kwa sababu hasikii anapoungua au kujikata.) Nyuzi nyembamba, zinazobeba joto na baadhi ya maumivu, nyingi hazina mayelini. Nyuzi zote hufungwa pamoja kwa tishu laini, mafungu kwa mafungu, na ndani yake hupita vijishipa vidogo sana vya damu vya kuzilisha.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaharibu pande zote. Seli ya neva haingoji insulini ili iingize sukari. Damu ikijaa sukari nayo inajaa. Vijishipa vinavyoilisha neva vinakuwa vinene na kuziba. Kwa hiyo damu imo katika habari hii, lakini kuchua hakufungui vijishipa hivyo. Uzi mrefu kuliko yote ndio unaoshindwa kwanza, na unaanza kufa kutoka nchani. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, miguu yote miwili, halafu inapanda kama soksi. Nyuzi nyembamba zikiumia unasikia moto na sindano. Zikishakufa, kimya. Watu hufurahi: "Alhamdulillahi, maumivu yameisha." Mimi hapo ndipo ninapoogopa.

Jambo jingine: wanaotumia metformin kwa muda mrefu wanaweza kupungukiwa vitamini B12, na bila hiyo mayelini huharibika. Usiache dawa, ila mwombe GP akupime B12 kwenye damu. Hii inatibika. Neva iliyokatika huota tena kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, lakini ile iliyolemewa na sukari kwa miaka mingi mara nyingi hairudi, hivyo kuwahi ni bora.

Nyumbani fanya hivi. Funga macho, mtu akuguse polepole ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote, sekunde moja au mbili bila kubonyeza. Ukikosa kusikia viwili au zaidi kati ya sita, nenda kliniki usingoje ukaguzi wa mwaka wa miguu. Wanaosali wana nafasi nzuri kila wanapotawadha: tazama nyayo, kausha katikati ya vidole, na joto la maji lipime kwa kiwiko, si kwa mguu. Radieta na chupa ya maji moto visiguse nyayo, vaa soksi.

Ukiona kidonda, au mguu umevimba na una joto hata kama hauumi, piga simu siku hiyo hiyo. Na ukifika kwa daktari usiseme mishipa. Sema: "Nina kisukari, nyayo hazisikii," na umwonyeshe kwa kidole ganzi imepanda mpaka wapi.