BARIDI YABISI: JINA LINALOTUPOTOSHA

Viungo ninavyovizungumzia leo si vya pilau! Ni magoti, viwiko, vifundo na vidole. Mimi niko kidato cha tatu, na viungo vyangu vimekuwa vikivimba tangu nilipokuwa na umri wa miaka 13. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hiki nimekilalia.

Kwanza tuliangalie jina lenyewe. Yabisi maana yake ni kavu au gumu, na kweli viungo hukakamaa kama mti mkavu. Lakini hilo neno baridi limewafanya wengi waamini kuwa maradhi haya huletwa na umande au kuoga maji baridi. Sivyo. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo inayouzaa ugonjwa.

Isitoshe, watu hulitumia jina hilo moja kwa maradhi mbalimbali:

1. Kuchakaa kwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa. Huwapata hasa wazee, na maumivu huzidi mtu akifanya kazi.

2. Jongo. Husababishwa na chembechembe za asidi ya yuriki, na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu.

3. Huu wangu. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, hugeuka ikaushambulia utando ulio ndani ya kiungo. Huu hauchagui mzee wala mtoto.

Dalili yake kubwa ni kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Alfajiri mimi hushindwa hata kufunga vifungo vya shati, na saa kumi jioni mnaniona nikicheza voliboli. Ndipo wengine husema, "Ah, huyu anajifanya tu, anakwepa kupiga deki!" Jamani, sijifanyi. Ndivyo ulivyo: asubuhi hubana, mchana hulegea.

Je, naishi nao vipi? Dawa niliyoandikiwa na daktari humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku ni hatari, na damu yangu hupimwa mara kwa mara. Vidonge vya maumivu navimeza baada ya kula. Kabla ya kushuka kitandani nanyoosha viungo polepole, kwani kukaa tu huvikakamaza zaidi. Kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene, na maji nayateka nusu ndoo, mara mbili.

Mwenzangu, kiungo chako kikivimba na kukakamaa kwa wiki kadhaa, usiambiwe "ni kibaridi tu" ukanyamaza. Nenda hospitalini. Na kikiwa kimevimba ghafla, kina moto, nawe una homa, nenda siku iyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiungo kilichokwisha kulika hakijengeki upya kwa dawa.

Nanyi walimu wetu, mwanafunzi akichechemea asubuhi na kukimbia jioni, tafadhali muulizeni kwanza kabla ya kumwita mvivu.