Ngumi ya Tumbo Hufungua Njia ya Uso

Bondia mzuri hulinda uso wake kwa mikono miwili. Ukikimbilia uso, ngumi yako itaishia kwenye glovu zake. Basi ufanye nini? Anza na tumbo.

Tanguliza mguu wa kushoto. Kunja magoti, usiinamishe mgongo. Nyoosha mkono wa kushoto, upige tumbo. Ngumi hii si ya kuangusha mtu. Kazi yake ni kumfanya mpinzani ashushe mikono. Rudia mara mbili au tatu. Kisha kunja magoti vile vile. Atadhani unapiga tumbo tena. Akishusha mikono, peleka mkono wa kulia usoni.

Lakini jihadhari! Unapopiga chini, uso wako huweza kubaki wazi. Mkono wa kulia ukae kidevuni, na wa kushoto urudi upesi. Usipige chini ya mkanda. Hilo ni kosa.

Tarehe 18 Mei, 2024, mjini Riyadh, Saudi Arabia, Oleksandr Usyk wa Ukraine alipigana na Tyson Fury wa Uingereza. Fury alimzidi kwa urefu na uzito. Usyk hutanguliza mguu wa kulia. Tangu mwanzo alipiga mwili. Katika raundi ya 9 mkono wake wa kushoto ulimpata Fury usoni, akayumba, mwamuzi akamhesabia. Usyk alishinda kwa pointi.

Maswali
1. Kwa nini tunaanza na tumbo?
2. Unapopiga tumbo, mkono wa kulia ukae wapi?