"JUMLA" NI NGAPI? LIELEWE HILI NENO KABLA HUJATOA HELA

Leo neno moja tu: JUMLA. Tunalitamka kutwa nzima, ila lina maana zaidi ya moja na nyingine zinakula mtaji.

Neno lina asili ya Kiarabu. Maana ya kwanza ni ile ya hesabu: ukijumlisha vyote, unachopata chini ya mstari ndiyo jumla. Ndiyo maana kwenye risiti tunaandika "Jumla 48,000". Naona wengine wanaandika "kwa ujumla 48,000". Hapana jamani. "Kwa ujumla" ni unapoongelea mambo yote bila kuchambua moja moja, kama "kwa ujumla mwezi huu biashara imesuasua". Hela ina jumla, haina ujumla 😄

Mtaani nako kuna lao. "Fulani kahama jumla", yaani kahama kabisa, harudi. (Kama ana deni dukani kwako, pole.)

Sasa tuje kwetu. Kununua kwa jumla ni kuchukua mzigo mwingi kwa mkupuo, kinyume cha rejareja. Mwingi kiasi gani? Neno lenyewe halisemi! Nenda Kariakoo: duka moja la nguo jumla inaanzia pisi 3, jirani yake pisi 6, wa tatu anataka dazani, na mwingine hakufungulii katoni. Wote wameandika "bei ya jumla" na hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo mimi siulizi "jumla bei gani?" Nauliza hivi: "Bosi, jumla kwako inaanzia pisi ngapi, na naruhusiwa kuchanganya saizi na rangi?" Hilo la kuchanganya ni zito kuliko bei. Dazani ya viatu vya saizi moja hata ukipewa kwa bei ya kutupa, utakaa navyo mpaka Krismasi.

Halafu piga hesabu ya kimoja kimoja. Tuseme katoni ya biskuti ina pakiti 24 na mjini wanaiuza 21,600. Hiyo ni 900 kwa pakiti. Duka kubwa la hapo mtaani kwako wanakuuzia pakiti hiyohiyo 950, hata ukitaka 6 tu. Kwa katoni nzima umeokoa 1,200. Nauli ya kwenda na kurudi 2,000. Gawa upya: 23,600 kwa 24, pakiti imekufikia kwa 983 na ushee. Jumla imekuwa ghali kuliko rejareja! Ukiifuata katoni moja peke yake umefanya mazoezi ya miguu. Ukiunganisha na sabuni, mafuta na chumvi, nauli inagawanyika na hapo jumla inaanza kuwa jumla kweli.

Na kuna vipimo vya jumla vinavyotupita sisi vijana. Dazani ni 12, hiyo tunaijua. Wazee wa khanga na vitambaa wanayo korija, ni 20. Ukitajiwa bei ya korija ya khanga, uliza kwanza: ni doti 20 au vipande 20? Doti moja ni vipande viwili, kwa hiyo jibu likibadilika, bei ya kila kipande inakuwa nusu au mara mbili.